Uchafu wa Mji na Amani ya Majirani

Leo tuzungumze juu ya uchafu. Pengine utauliza: uchafu na amani vinakutana wapi?

Tazama Bukavu, mji uliojengwa juu ya milima. Chupa za plastiki zinazotupwa Kadutu huchukuliwa na mvua, hushuka mitaroni, huingia Ziwa Kivu, kisha mto Ruzizi. Zikiwa nyingi, huziba mitambo ya umeme. Giza likiingia, wa chini humlaumu wa juu. Hapo ugomvi huzaliwa.

Wengine husema: kazi hii wapewe watu binafsi, kila parsele ilipe. Wengine hukataa: ni kazi ya serikali, kodi tunalipa. Wote wana sababu. Serikali ikikosa magari, uchafu hubaki. Lakini kampuni humfuata anayelipa. Je, mjane asiye na franka atatupa wapi? Mtaroni, na mtaro ni wa wote. Hata msaada una mwisho: Kinshasa, msaada wa Umoja wa Ulaya ulipokwisha mwaka 2015, malundo yalirudi.

Basi, kabla ya kuchagua, ulizeni pamoja: nani atalipa, kiasi gani? Nani atambeba maskini? Hesabu itasomwa mbele ya nani? Ketini katika kila avenue, akina mama, vijana, hata wale wanaookota uchafu kwa mikokoteni. Mapatano ya wote hulindwa na wote; ya kificho huleta makelele.