Siku 28 Benki Kabla ya Kuomba Viza

Wapo vijana wetu wanaopata nafasi katika vyuo vya Uingereza kisha wakakwama kwenye taarifa ya benki.

Kanuni ya viza ya mwanafunzi iko wazi. Mwombaji asiye na mfadhili rasmi huonyesha ada anayodaiwa ya mwaka wa kwanza, pamoja na fedha za kujikimu za hadi miezi 9. Fedha hizo zikae benki siku 28 mfululizo, zisipungue kiwango hata siku moja. Akaunti inaweza kuwa ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi, ikiambatana na cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi ya kuridhia.

Hapo ndipo familia zetu zinapoumia. Kwetu mtoto husomeshwa na ukoo: mjomba Arusha, shangazi Mombasa, kaka Muscat. Lakini akaunti ya mjomba haikubaliki, hata ijae mamilioni, isipokuwa awe mlezi wa kisheria. Na mchango ukiingia Jumatatu, fomu ikatumwa Ijumaa, ombi hukataliwa, na ada ya viza hairudi.

Wengi wa vijana hawa ni wakweli. Walichokosa ni maelezo ya mapema. Shule na mawakala wanaochukua fedha za wazazi wana wajibu wa kuyatoa.

Nanyi wazazi, changeni mapema. Wekeni fedha zote kwenye akaunti ya mwanafunzi, msiziguse, hesabuni siku 28. Fomu ije baadaye.