Pikipiki ya Sebuleni na Pikipiki ya Barabara ya Gitanga

Mazungumzo na wazazi na vijana wa Lavington



Shule zikifungwa, runinga ya sebuleni katika nyumba nyingi za Lavington huwa si ya mzazi tena. Kijana ameshika pedi, na kwenye kioo pikipiki inaruka juu ya mapipa, inapinduka hewani, inatua, au inaanguka na dereva wake anatawanyika kama gunia lililopasuka. Mzazi akipita husikitika. Lakini kabla ya kuchomoa waya, afadhali akae dakika kumi autazame mchezo wenyewe.

Michezo hii si ya jana. Mwaka 1984 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Excitebike, kazi ya mbunifu Shigeru Miyamoto. Ilikuwa na kitufe cha kuongeza kasi, ila aliyekibonyeza kwa muda mrefu aliona injini ikichemka na pikipiki ikisimama mpaka ipoe, huku wenzake wakimpita. (Waendeshaji boda boda walioko hapa wanacheka kwa sababu wanalijua hilo.) Mwaka 2009 kampuni ya RedLynx ya Helsinki, Ufini, ilitoa Trials HD kwa mtambo wa Xbox 360, na mwaka 2019 ikaja Trials Rising, inayochezwa kwenye PlayStation 4, Xbox One na Nintendo Switch.

Katika Trials mchezaji ana mambo machache tu ya kushughulikia: mafuta, breki, na kuegemeza mwili mbele au nyuma. Akivuta mafuta ghafla akipanda mlima huku mwili uko nyuma, gurudumu la mbele linanyanyuka na dereva analala chali. Akitua vibaya kwa gurudumu la mbele, anarushwa juu ya usukani. Kijana anayemaliza njia ngumu amejifunza kwamba uzito wa mwili ni sehemu ya chombo, na kwamba pupa haisaidii. Hiyo ni fizikia ya kweli, na ameipata bila kuchapwa.

Lipo la kutahadhari. Dereva akianguka, kitufe kimoja kinamrudisha kwenye alama aliyopita, mzima kabisa, na mchezo unahesabu kosa moja. Ni lazima iwe hivyo, maana hakuna anayeumudu mchezo huo bila kuanguka mara nyingi. Ila kijana asichukue kitufe hicho akilini na kwenda nacho James Gichuru kwa pikipiki ya kuazima. Huko, kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, pikipiki inakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Anayeshtuka kwa sekunde moja amepita mita hizo zote kabla hajagusa breki. Na kasi ikiongezwa maradufu, nguvu inayopaswa kumalizwa na breki, au na mwili, huwa mara nne.

Wengi wa vijana hawa hawatakwenda kuinua gurudumu la mbele barabarani. Hatari iliyo karibu nao zaidi ni nyingine, na mara nyingi anayeilipia ni mzazi.

Trials Rising ina pikipiki ya watu wawili. Kila mchezaji ana pedi yake, na kila mmoja anaendesha nusu ya chombo. Mmoja akiegemea mbele na mwenzake nyuma, wanaanguka wote, na nyumba nzima inacheka. Mzazi aijaribu jioni moja na mwanawe. Kisha asubuhi ya shule aitazame boda boda inayotoka upande wa Kawangware kushika Barabara ya Gitanga, imebeba watoto watatu wenye sare, mmoja ameketi juu ya tangi, na wote vichwa wazi. Mtoto aliyecheza jana usiku anaweza kueleza kwa nini chombo hicho hakiwezi kukata kona wala kusimama ghafla. Mzazi aliyekuwa akiulaumu mchezo ndiye aliyempigia simu mwendeshaji aje.

Sheria ya Trafiki ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki, na inamtaka mwendeshaji na abiria wote wawili wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Abiria wengi huikataa helmeti kwa sababu ya jasho la waliotangulia au kwa sababu ya nywele zilizosukwa juzi. Malalamiko hayo si ya upuuzi. Kitambaa chepesi ndani ya helmeti kinasaidia, na anayepanda kila siku ni heri anunue yake. Uchambuzi uliokusanya tafiti kutoka nchi mbalimbali ulionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42, na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kwa mtoto, helmeti ya mtu mzima haifai, kwani inacheza kichwani. Na isiyofungwa mkanda hutoka kabla kichwa hakijafika chini.

Kijana anayetaka kuendesha kikweli aende shule ya udereva, apate leseni ya NTSA, ndipo aguse usukani.

Na ajali ikitokea, majeruhi asinyanyuliwe haraka na kupakiwa kwenye boda boda nyingine, jambo linaloonekana sana hapa Nairobi na linalofanywa kwa nia njema. Shingo iliyoumia huharibika zaidi kwa kubebwa hivyo. Asivuliwe helmeti, isipokuwa hapumui na hakuna njia nyingine ya kumsaidia. Mtu mmoja asimamishe magari, mwingine apige 999 au 112 na kutaja barabara na jengo lililo karibu. Majeruhi afunikwe na azungumzishwe hadi msaada ufike.

 Vijana wenye maswali kuhusu mchezo waanze wao, wazazi watafuata.