Mwezi wa Fedha

Jioni hii nataka kusema nanyi habari za kidani kimoja cha fedha, kilichokuwa mali ya bibi yangu wa Wambaa, kisiwani Pemba, upande wa Mkoani. Katikati yake ulining'inia mwezi mchanga, na baina ya pembe zake nyota moja.

Watu wengi hudhani kuwa alama ya mwezi ilianza na Uislamu. Sivyo. Watu wa mji wa Uri, katika nchi iitwayo sasa Iraki, waliuabudu na kuuchora zaidi ya miaka 2,000 kabla ya kuzaliwa Mtume Muhammad. Baadaye sana Waturuki waliutia katika bendera yao pamoja na nyota, ukaenea. (Wanafunzi na waangalie: nyota haiwezi kuonekana ndani ya pembe za mwezi, kwa kuwa mwezi mzima upo pale, ila sehemu ile imo gizani. Kando yake, ndiyo. Zuhura huonekana hivyo mara nyingi.)

Basi bibi zetu waliuvaa kwa nini? Wengine kwa urembo, wengine kwa kinga ya jicho baya. Mimi naona liko jambo jingine. Pwani ya Wambaa huelekea machweo, na huko ndiko mwezi hutazamwa unapoandama, Ramadhani ianze au iishe. Tena ukiandama, na ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hukupwa mbali, wanawake wakaenda mwambani kuchokoa pweza. Katikati huja maji mafu, na kazi hupungua. Kwa mwanamke wa pwani, mwezi ulikuwa hesabu ya chakula.

Fedha si ngeni Pemba. Mwaka 1984 zilifukuliwa Mtambwe Mkuu sarafu za fedha zaidi ya 2,000, za miaka karibu elfu iliyopita. Na katika karne ya 19 masonara waliyeyusha reale ya Sham, yenye sura ya malkia Maria Theresa, uzito wake gramu 28 hivi. Mwaka ulioandikwa juu yake ni 1780, aliofariki malkia. Ikaendelea kupigwa kwa mwaka ule ule.

Kidani cha bibi hakipo tena. Shangazi yangu alipungukiwa na ada ya watoto, akakipeleka mjini. Mnunuzi alikitia mizanini, akalipa bei ya fedha tupu. Kazi ya mkono haikuhesabiwa. Kikayeyushwa. Siwezi kumlaumu shangazi.

Nilimwomba anieleze umbo lake, nikichore kwa ajili ya wanafunzi wangu. Nikauchora mwezi umesimama, kama katika bendera. Akacheka. "Mwanangu, wewe mzaliwa wa Wambaa! Pembe zilitazama juu, kama ngalawa."

Alisema kweli. Kwetu, karibu na Ikweta, mwezi mchanga mara nyingi huzama umelala chali. Nchi za kaskazini ndiko husimama. Nikafuta, nikachora tena. Kisha nikamwuliza mikufu yake ilikuwa mingapi, na nakshi za pembeni zilikuwaje. Akaitazama karatasi kitambo, asijibu.