Pikipiki Imefunguliwa Nyumbani, Nguvu Imepotea

Ndugu zetu, leo tuzungumze habari ya pikipiki iliyofunguliwa injini chini ya mwembe. Imetiwa pistoni mpya na ringi mpya, imewaka vizuri, lakini mlima haipandi. Mwenyewe analalamika, "Nimeuziwa pistoni mbovu!" Ngoja kwanza. Pesa ya pistoni ya pili huenda ndiyo ya sare za watoto.

Tujue kama kosa ni la injini. Isimamishe kwa stendi ya kati, toa gia, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Likiwa zito, breki inashika. Likiwa jepesi, ipande barabarani. Injini ikinguruma sana na mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Hapo pistoni haina hatia.

Kama si hayo, tupime jinsi silinda inavyobana hewa. Zima swichi, piga kiki. Ikiwa nyepesi, fungua plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili katika tundu lake, rudisha plagi, piga tena. Kiki ikiwa nzito kuliko mwanzo, hewa inapita penye ringi: labda zimewekwa juu chini, au nafasi zake zimepangwa mstari mmoja. Isipobadilika, tazama valvu na gasketi ya hedi. Tapeti zilizobana mno huziacha valvu wazi kidogo. Zipime injini ikiwa baridi, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki hiyo, si cha pikipiki ya jirani.

Kosa ambalo wengi hawalidhani ni cheni ya taimingi. Jino moja tu likirukwa, valvu hazifunguki kwa wakati wake. Injini itawaka, ndiyo, lakini nguvu hakuna. Zungusha sumaku mpaka alama ya T ielekeane na alama ya kifuniko, valvu zote zikiwa zimefunga. Hapo alama ya gia ya juu lazima ielekeane na ile ya hedi. Zikipishana, usipige kiki tena. Valvu yaweza kugonga pistoni.

Halafu, kile kitambaa ulichozibia tundu la hewa, ulikitoa? Msicheke, jamani, hutokea.

Mwisho, washa injini ingurume polepole, paka povu la sabuni penye maungio ya kabureta na hedi. Povu likinyonywa ndani, hewa inaingia bila ruhusa, na plagi utaikuta nyeupe. Usipakie mtu wala gunia mpaka umebadili gasketi hiyo, maana joto lake hutoboa hata pistoni mpya.