Mkopeshaji Asimame Nje



Kuna vijana katika makanisa yetu wanaotamani kuanzisha banki ndani ya telefone, isiyo na karani, ambamo akili bandia ndiyo inaamua nani akopeshwe. Hatuwazuii. Mama anayeuza unga Kikula hana karatasi za nyumba za kuweka rehani, na banki kubwa haimwoni. Kule Kenya, M-Shwari ilianza mwaka 2012, ikakopesha watu wa namna hiyo kwa kutazama jinsi wanavyotumia telefone na feza zao. Hiyo ni kazi nzuri.

Lakini tufungue Kumbukumbu la Torati 24, mstari wa 10 na wa 11. Mungu alimkataza mkopeshaji kuingia nyumbani mwa jirani kuchukua rehani. Asimame nje, mwenye deni amletee mwenyewe. Maskini anadaiwa, ndiyo, lakini mlango ni wake.

Leo nyumba hiyo ni telefone. Huko huko Kenya wakopeshaji wengine waliingia mpaka kwenye majina yaliyohifadhiwa humo, wakawapigia ndugu na wakubwa wa kazi ili kumwaibisha aliyechelewa kulipa. Ilibidi Banki Kuu yao itoe kanuni mwaka 2022 kukataza jambo hilo.

Basi kijana, kabla mashine yako haijaanza kuhesabu, amua itasoma nini na itaishia wapi. Nawe mama, wakikuomba ruhusa ya kuona majina yote, uliza kwanza ni ya nini. Wasipojibu, usibonyeze.