Kiti cha anga za juu na mkulima wa chai

Msikilizaji, leo nazungumzia kiti kilicho mbali na Kericho, ila kinatugusa. Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoanzishwa mwaka 2017, liko chini ya Wizara ya Ulinzi. Setilaiti ya Taifa-1 iliporushwa kutoka California, Aprili 15, 2023, aliyekalia kiti cha kuliongoza alikuwa afisa wa jeshi, Hillary Kipkosgey.

Kwa nini kituhusu? Taifa-1 iliundwa kupiga picha za ardhi, zisaidie kilimo na mazingira. Na sisi wa Kericho na Bomet tunajua: Msitu wa Mau ukifyekwa, mvua hubadilika na chai huumia.

Je, kiti hicho kimfae mwanajeshi? Wapo wanaosema ndiyo: jeshi lina nidhamu, na utafiti wa anga za juu unahitaji miaka ya subira. Hoja nzuri. Lakini upande wa pili, kwangu mimi, una uzito zaidi: desturi ya jeshi ni kutunza siri, na mkulima anahitaji taarifa mapema, tena kwa lugha anayoielewa. Picha iliyofungiwa Nairobi haimsaidii mchuma chai wa Litein.

Je, ni nani atakayemtaka mwenye kiti hicho aeleze picha hizo zinamfikia nani?