Tangi la Pikipiki Likibonyea: Tulitengeneze au Tununue Lingine?

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa kwa kikundi cha vijana wa bodaboda katika mkutano wao wa mwezi. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)

Sisi wa karakana tumekuja na tangi moja lililobonyea, hili mnaloliona hapa mezani, na tunataka tuzungumze juu yake.

Pikipiki ikianguka kwa upande, mara nyingi usukani huzunguka na kugonga tangi, au tangi lenyewe hukutana na jiwe. Bati lake ni jembamba, kama milimita moja au pungufu, kwa hivyo hubonyea upesi. Mwenye pikipiki akiona bonde lile, moyo unamuuma. Wengi wenu bado mnalipa mkopo, na siku moja bila kazi ni siku bila unga. Basi mtu anakimbilia kwa fundi wa kuchomelea aliye karibu na kumwambia, "Nifanyie haraka, abiria wananingoja." Hapo ndipo hatari ilipo.

Kosa letu wenyewe

Tutawaambia jambo ambalo hatulisemi kwa furaha. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na tangi linalovuja. Tulimwaga petroli yote, tukaliacha wazi juani tangu asubuhi hadi saa tisa. Tuliponusa hatukusikia harufu kubwa, tukasema limekauka. Fundi alipoligusisha moto wa gesi, lililipuka na mshono wa chini ukafunguka wote. Kijana wetu aliyekuwa amelishikilia aliungua mikono na shingo. Alipona, lakini vidole viwili havikunjiki vizuri mpaka leo. Fundi hakuwa na kosa. Sisi ndio tuliomwambia tangi ni tupu.

Tangi tupu si tangi salama

Sasa, kwa nini lilipuke na petroli imemwagwa? Kinachowaka si yale maji ya petroli, ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Mvuke ukiwa kama sehemu 2 hadi 7 katika kila sehemu 100, cheche moja inatosha. Tangi lililojaa pomoni halina nafasi ya hewa ndani. Lakini tangi lililomwagwa lina mvuke na hewa pamoja, na hiyo ndiyo baruti yenyewe. Tena petroli kidogo hujificha ndani ya mishono na kwenye kutu. Pua haiisikii, lakini moto ukipasha bati, inatoka.

Jambo lingine: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautapanda juu upotee. Unatambaa chini, unaingia kwenye mitaro, unafika kwa yule mama anayechoma mahindi karibu na steji. Kwa hivyo usimwage petroli karibu na jiko, sigara, au mahali wanapochomelea. Mnakumbuka Sachangwan, karibu na Molo, Januari 2009. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukashika, na zaidi ya watu 100 wakafa. Lile lilikuwa lori na hili ni tangi la lita chache, lakini petroli ni ile ile.

Maswali matatu kabla ya kutoa pesa

1. Je, linavuja? Panguza tangi likauke, weka gazeti kavu chini yake, ungoja. Usiangalie kwa kiberiti hata kidogo, tumia tochi. Kama halivuji, bonde ni sura mbaya tu, si ugonjwa. Unaweza kufanya kazi nalo hata mwaka mzima.

2. Bonde liko wapi? Likiwa ubavuni palipo wazi, si neno. Likiwa kwenye mshono, karibu na koki, au mahali tangi linapofungwa kwa bolti, chunga sana. Hapo mtetemo wa barabara utapasua bati siku moja, na injini ya moto iko chini yake.

3. Ndani kuna kutu? Fungua kifuniko, mulika kwa tochi. Kutu kidogo huoshwa. Kutu iliyokula bati haina dawa, hata ukipaka rangi mara kumi.

Kutengeneza bila moto

Kama halivuji na bonde ni pana lisilo na kina, jaribu kile chombo cha mpira cha kuzibulia sinki. Lowesha, bandika, vuta. Mara nyingine bati hurudi lenyewe. Likikataa, kwaruza rangi hadi bati lionekane, paka fila ya magari kidogo kidogo, piga msasa, kisha rangi. Fila ni ya kuficha bonde tu. Haizibi tundu, kwa sababu petroli itaila.

Kuna wanaoziba midomo yote ya tangi na kulijaza upepo wa kompresa ili bonde litoke. Tafadhali, msifanye hivyo. Tangi halikuundwa kubeba upepo. Linaweza kuvimba mahali pengine au kupasuka usoni mwako.

Tundu dogo kama la sindano likitokea njiani, sugua sabuni ya kipande papo hapo. Petroli haiyeyushi sabuni, lakini mvua itaiyeyusha. Hiyo ni ya kukufikisha nyumbani, si ya kubebea abiria wiki nzima. Na kama petroli inadondokea injini au ekzosi, zima, usukume. Nyumbani, baada ya kumwaga na kukausha, tundu dogo huzibwa kwa gundi ya chuma ile ya tyubu mbili, lakini hakikisha imeandikwa kwamba inavumilia petroli.

Ufa mkubwa ni wa kuchomelewa, na hiyo si kazi ya kando ya barabara. Tangi lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara nyingi, kisha lijazwe maji hadi karibu kabisa na mahali pa kuchomelea, ili mvuke ukose nafasi. Kama fundi hataki kufanya hivyo, mshukuru, chukua tangi lako uende.

Kununua lingine

Jumlisha gharama: fundi, fila, rangi, na siku ulizokaa bila kazi. Zikikaribia bei ya tangi lingine, nunua lingine. Nenda na la zamani mkononi ulinganishe tundu la koki, mahali pa bolti, na ule mfereji wa chini unaokalia fremu. Likiwa limetumika, mulika ndani, kisha tia maji na uliache juu ya gazeti kwa saa moja. Lisipovuja, mwaga, likauke kabisa kabla ya kutia petroli. Angalia pia kitundu cha hewa kwenye kifuniko. Kikiziba, petroli haishuki vizuri na injini inazima njiani.

Na lile la zamani? Usilikate kwa moto utengeneze jiko. Ni bomu lile lile.

Moto ukitokea

Usimwagie petroli inayowaka maji, utausambaza moto. Tumia mchanga au blanketi lililoloweshwa. Aliyeungua, mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha hospitali. Msimpake dawa ya meno, unga wala mafuta.

Ndugu zetu, tangi hupatikana dukani. Mikono ya kijana wetu hatukuipata dukani. Akija mtu kwenye karakana akisema, "Ni tupu, choma tu," mjibuni kama sisi tunavyojibu siku hizi: "Tupu ndiyo tunayoiogopa."

Mwenye swali aulize.